Mbunge na Mwiko wa Msibani

Jumapili usiku, Igogo

Eti mbunge hasongi ugali msibani!

Mjukuu wangu Kabula alipokuwa diwani, kila msiba alikaa jikoni na sisi. Sasa ameshinda ubunge. Leo alikuwa ameshika mwiko kwa jirani aliyefiwa, mara msaidizi wake akaingia na suti yake: "Mheshimiwa, kiti chako kiko mbele na wakubwa."

Kabula akasita.

Nikamwambia yule bwana, "Baba, kura tulimpa humu humu kwenye moshi. Kiti hakina njaa, kitasubiri." Wanawake wakacheka. Kabula akaendelea kusonga.

Lakini naiogopa Dodoma. Huko atapikiwa tu, mwishowe hata kushika mwiko atasahau.

Kesho anaondoka. Mwiko wangu nimeufunga katikati ya nguo zake. Wakimcheka, awaambie bibi yake ndiye kamfungashia.