Nafasi ya Nne

Jumamosi, 4 Aprili
Duka nimelifunga saa sita, vitenge vimekunjwa. Mchana Kamenge, mkutano wa wanawake wa chama. Walikuja kumi na tisa. Chama chetu kidogo, lakini safari hii tunatumaini wabunge wanne hapa Bujumbura. Mtu hapigiwi kura kwa jina lake. Wananchi wanachagua chama, na chama kinaingiza watu wake kwa orodha, kuanzia juu. Sheria inataka katika kila wanne awepo mwanamke. Mimi ni wa nne. Miaka sita nimetembea juani kwa ajili ya chama hiki. Nina furaha, sitaki kujifanya.

Jumatatu, 6 Aprili
Wameniondoa. Nafasi ya nne kapewa Beatrisi wa Kinanira, mke wa tajiri mwenye maghala Zone Industrielle, kule viwandani. Hana hata miezi miwili chamani. Mumewe ametoa magari mawili ya kampeni. Mimi nimesogezwa hadi nafasi ya nane. Wa nane haingii popote.

Mwenyekiti kanishika bega: "Mama Swalehe, apana kasirika. Chama ni ya sisi wote." Nikamjibu ndiyo. Kwa nini nilijibu ndiyo? Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi dukani.

Jumanne, 7 Aprili
Ramadhani, mume wangu, fundi wa magari, anataka nisimame peke yangu. "Rarua ile karte ya chama! We si mutumwa wao." Rahisi kusema ukiwa umelala chini ya gari la mtu. Asiye na chama anadaiwa kura nyingi mno, sijaona aliyezifikisha. Na nani atakaa vituoni kunilindia hizo kura? Bila chama mimi ni muuza vitenge tu. Ndicho kinachoniuma zaidi. Sikula.

Jumapili, 12 Aprili
Mwenyekiti kaniomba nimpeleke Beatrisi kwa wanawake wangu wa Kamenge. Ana uso mkavu yule mzee. Nimekubali. Najichukia.

Jumamosi, 18 Aprili
Beatrisi alikuja na viatu virefu, mvua imenyesha, tope kila mahali. Aliteleza, nikafurahi. Ubaya wangu huo, nauandika.

Wanawake wamenuna. Mama Odeta, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akasimama: "Siye tulikuja juu ya Mama Swalehe. Huyu atatusemea nini?" Beatrisi alikuwa na karatasi ya hotuba mkononi. Akaikunja. Akasema hakuiomba nafasi hii. Mumewe na Mwenyekiti walipatana, yeye akaambiwa jioni wakati wa kula. Nilikuja na chuki yangu nzima, ikakosa pa kukaa.

Nikasimama. Nikawaambia wakipigie chama kura hivyo hivyo. Bomba la maji halitafika Kamenge kwa sababu Mama Swalehe kanuna, na bungeni sauti moja haisikiki, zinasikika za kundi. Nilisema hayo moyo ukiniuma. Mama Odeta hakupiga makofi.

Jumamosi, 9 Mei
Kampeni. Miguu imevimba. Beatrisi sasa anavaa kandambili. Leo kabeba mabango mwenyewe.

Jumanne, 26 Mei
Matokeo. Chama kimepata wabunge watatu.

Watatu. Wanaume watupu. Beatrisi nje, mimi nje. Ofisini wanacheza, Mwenyekiti kanunua vinywaji, mtu kanipa fanta nikaishika tu.

Nimerudi nyumbani nikaikodolea macho ile orodha. Sheria inasema mwanamke mmoja katika wanne. Haisemi awe wa mwisho. Miaka sita sikuuliza. Niliwekwa mkiani nikashukuru, kisha nikamchukia mwenzangu kwa kuukalia mkia wangu. Nimeona haya kuliko siku ile waliyoniondoa.

Alhamisi, 28 Mei
Beatrisi kaja dukani. Hakununua kitu. Tumekunywa chai.

Nikamwonyesha barua niliyoiandikia kamati ya chama: orodha ya madiwani, uchaguzi ujao, ianze na mwanamke, la sivyo sisi wanawake hatubebi bango hata moja. Kwenye nafasi hiyo sikuweka jina langu wala lake. Jina litatoka kwenye mkutano wa Kamenge.

Akaisoma mara mbili. Akaniuliza kama mumewe ataiona. Nikasema ataiona, itabandikwa ukutani ofisini kwa chama.

Akaomba kalamu. Akatia sahihi kabla sijatia yangu.