Nilimsifu Mwenzangu Darasani, Sasa Sifa Zangu Zitamuumbua

Mpendwa Shangazi Borghild,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha fotokopi, maana hapa shuleni ndicho chumba pekee chenye ufunguo, na mtu akigonga nitamwambia karatasi imekwama. Naomba unisaidie kabla Alhamisi ya wiki ijayo haijafika, kwa sababu siku hiyo rafiki yangu ataaibika mbele ya watu na aliyemponza ni mimi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya mji mdogo wa kiwanda hapa pwani ya magharibi ya Norwe, mji ambao ukipiga chafya asubuhi, jioni unaulizwa dukani kama homa imepungua, kwa hiyo majina yote nimeyabadilisha na mji naomba usiutaje gazetini. Tangu msimu wa vuli halmashauri imetuletea mafunzo kazini, sisi walimu wa Kiingereza wa wilaya nzima, kwa sababu madarasa yetu sasa yana watoto waliokuja juzijuzi kutoka Ukraine na Eritrea na Syria, wanaojifunza Kinorwe na Kiingereza kwa mpigo, na wengi wetu tulisomea kufundisha watoto waliozaliwa hapahapa. Mafunzo yenyewe ni mazuri, sina ugomvi nayo, ila kuna hii sehemu ya kutembeleana, ambapo unaingia darasani kwa mwenzako, unakaa nyuma, unatazama somo, halafu baadaye mnakaa wawili na unamwambia mazuri mawili uliyoyaona na ombi moja.

Wewe unatujua, Shangazi, sisi ni watu ambao tukialikwa chakula kibaya tunaomba tuongezwe. Hilo ombi moja tumeligeuza mchezo, mmoja ameomba mapazia yafuliwe, mwingine ameomba saa ya ukutani isogezwe, na mkufunzi wetu kutoka chuo kikuu anafurahi kwamba tunaelewana.

Mimi na Torbjørg tumechaguana. Torbjørg amefundisha hapa tangu mimi nikiwa mtoto, na nilipohamia mji huu baada ya mume wangu kuondoka, nikiwa simjui hata jirani, yeye ndiye aliyekuja na sufuria ya nyama ya kondoo na kabichi, akaiweka mezani, akatoka nje, akanizolea theluji mlangoni bila kuniuliza swali hata moja. Mtu kama huyo utaanzia wapi kumkosoa? Basi nimemtembelea mara tatu, na mara zote tatu nimeona jambo lilelile, kwamba anasoma sentensi moja ya Kiingereza kitabuni, halafu anafunga kitabu na kuongea Kinorwe mpaka kengele inalia. Na anaongea vizuri, anachekesha, watoto wa hapa wanampenda kufa. Lakini nyuma kule amekaa Danait, msichana aliyetoka Asmara mwaka jana, ambaye Kiingereza amekisoma tangu darasa la kwanza kwao, na anakinakili Kinorwe cha ubaoni herufi kwa herufi, na siku moja alinisimamisha koridoni.

"Sigrun, samahani," aliniambia, kwa aibu, maana bado hajazoea kumwita mwalimu kwa jina lake tupu. "Kipindi cha Torbjørg ni cha Kiingereza au ni cha Kinorwe? Nisikosee daftari."

Nikamjibu kwamba ni cha Kiingereza. Akasema, "Ahaa," akaenda zake, na ile "ahaa" yake ninayo mpaka leo.

Najua pia kwa nini Torbjørg anafanya hivyo, ingawa hajaniambia. Kiangazi kimoja tulikuwa kituo cha mafuta, mtalii akaja kutuuliza njia kwa Kiingereza, na Torbjørg, mwalimu wa Kiingereza wa miaka yote hiyo, akainama kufunga kamba za kiatu, akazifunga na kuzifungua na kuzifunga tena mpaka mtalii akaja kwangu. Nilimwelekeza mtalii, tukapanda gari, tukazungumza habari za hali ya hewa.

Sasa mara zote tatu, tulipokaa wawili baada ya kipindi, mimi nilimwambia mazuri mawili, kwamba darasa lina furaha na watoto wanamsikiliza, na ombi langu, Shangazi, naona haya hata kuliandika, niliomba afungue dirisha kidogo kwa sababu hewa ilikuwa nzito. Tangu hapo anafungua dirisha kila kipindi, baridi ya Januari inaingia, watoto wanakaa na makoti, na yeye ananikonyeza kana kwamba tuna siri nzuri.

Ndipo Jumatatu iliyopita mkufunzi akauliza nani yuko tayari kuwafungulia mlango walimu wote wa wilaya, waje watazame kipindi kimoja na kukijadili pamoja. Unatujua, kila mtu akaanza kuchungulia kikombe chake cha kahawa. Torbjørg alikuwa anafuma soksi kama kawaida yake mikutanoni, akaziweka chini zile sindano, akanyoosha mkono.

"Haya, waje kwangu," akasema. "Miye niliogopa haya mambo ya kutazamwa, nasema kweli, niliyaogopa. Lakini Sigrun kanitembelea mara tatu hajaona kasoro, na Sigrun ana macho kama mwewe. Au siyo, Sigrun?"

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Ndiyo."

Wakampigia makofi, na alikuwa mwekundu kwa furaha kama msichana aliyechaguliwa timu. Alhamisi ijayo watakuja, kila mwalimu wa Kiingereza wa wilaya pamoja na wageni wa chuo kikuu, na watamwona akifundisha Kiingereza kwa Kinorwe huku Danait akinakili. Hawatasema kitu mbele yake, tabia yetu siyo hiyo, watasema kwenye magari wakirudi kwao. Nikimwambia ukweli sasa, nitakuwa nimemvunja yeye na urafiki wetu. Nikinyamaza, atavunjwa na wengine. Nimefikiria hata kumwomba mkufunzi aahirishe kwa kisingizio cha theluji. Nifanye nini?

Ni mimi niliyejifungia,
Pwani ya Magharibi

*

Mwanangu,

Kwanza fungua mlango, watu wanataka kutoa fotokopi.

Pole sana. Nasema hivyo kwa moyo, kwa sababu hukumdanganya mwenzako kwa ubaya, ulifanya kile ambacho mama yako na mama yangu walitufundisha, kwamba mtu mwema hasemi jambo lolote litakalomfanya mwenyeji ashushe macho. Mtu aliyekuzolea theluji ukiwa na majonzi si rahisi kumwambia kwamba kazi yake ina tundu. Ningekuwa wewe, mara ya kwanza labda na mimi ningesema habari za dirisha.

Lakini mara ya kwanza tu! Wewe umekwenda mara tatu, na mara zote ukamvika kilemba cha ukoka, halafu mbele ya wote ukakikaza vizuri kwa lile neno lako "ndiyo." Usiniambie ulikuwa unamhurumia Torbjørg. Ulikuwa unajihurumia wewe, ulikuwa unaogopa ile dakika moja ya kumwona uso umembadilika. Ili usiione dakika hiyo, umempa yeye saa nzima ya kuaibika, na Danait umempa mwaka. Mwaka wa shule wa msichana wa umri ule haurudi, Sigrun. Na usifikirie kwamba hajui alichojibiwa, watoto waliovuka nchi nyingi wanajua sana mtu mzima anapowafichia jambo.

Nikuoneshe kitu ambacho hukukiona ingawa umekiandika kwa mkono wako. Ombi moja tu umewahi kumpa mwanamke huyu, tena la kipuuzi, naye amelifuata kila kipindi mpaka watoto wanatetemeka. Huyo ndiye unayeniambia hawezi kukosolewa? Huyo ana kiu! Aliinua mkono wakati nyote mmechungulia vikombe, naye ndiye mwenye hofu kuliko nyote. Umemdharau, mwanangu, ukadhani ni kikombe cha udongo.

Haya, sikiliza, na theluji uiache iangukie mahali pake.

Nenda nyumbani kwake. Usimvizie chumba cha walimu, usimwandikie ujumbe wa simu, na usibebe keki, maana akikuona na keki atadhani kuna msiba. Usianze na mazuri mawili. Hayo ameshayasikia mara tatu, na leo yatamchoma. Anza na lako, mwambie, "Nimekudanganya," kisha mwambie ulichokiona kwa macho yako bila kuongeza wala kupamba: umeongea Kinorwe kipindi kizima, na kuna mwanafunzi aliyeniuliza hili ni somo gani. Basi. Usimwambie kwamba anaogopa. Hilo ni lake, akitaka atalisema, asipotaka usimchokonoe. Na habari za kituo cha mafuta uzizike, usizitaje mpaka mnazeeka.

Halafu unyamaze. Najua itakuwia vigumu, utataka kupuliza palepale ulipouma. Usipulize. Akikufukuza, ondoka. Akikununia, vumilia. Kesho yake rudi, kwa sababu rafiki anayesema ukweli halafu akakimbia hana tofauti na jirani mmbea.

Akikubali kukaa na wewe, fanyeni kazi. Mnayo siku za kutosha kama hamtazipoteza kwa kulia. Toka naye kila jioni mtembee kule juu msituni, mzungumze Kiingereza peke yake, kibovu, cha kuchechemea, mbele ya misonobari isiyocheka mtu. Kipindi chenyewe kisiwe cha maajabu. Aandae maswali mafupi, awaweke watoto wawiliwawili, wanaokijua Kiingereza wakae na wasiokijua, na yeye apite katikati yao akiwauliza na kuwajibu. Aseme mbele yao kwamba na yeye ataikosea lugha leo. Watoto wa miaka kumi na minne wanapenda sana kumwona mtu mzima akikosea, na mbele yake wataanza kuthubutu. Uchekeshaji wake asiuache, huo ni mali. Auhamishe tu lugha.

Na akisema hataki tena kutazamwa, hiyo ni haki yake, wala usimshurutishe. Ila siyo yeye atakayekwenda kwa mkufunzi kujieleza. Utakwenda wewe, utasema kwamba Alhamisi waje darasani kwako, na hutatoa sababu. Waje wakutazame wewe na macho yako ya mwewe, uonje. Kwa vyovyote itakavyokuwa, Torbjørg ana haki ya kukutembelea, na akishakutazama umwombe akuambie kitu kinachouma. Najua kipo, kila darasa linacho.

Neno la mwisho. Jibu hili nakutumia nyumbani kwa posta, kwa anwani uliyoiandika nyuma ya bahasha. Majina umeyabadilisha, lakini katika mji wenu wafumaji wa soksi wanaofundisha Kiingereza na dirisha wazi hawawezi kuwa wengi, na mimi sitamwaibisha mtu asiyeniandikia. Gazetini haliingii mpaka Torbjørg mwenyewe ameyasoma haya yote na kuniambia niyachapishe. Nisiposikia kutoka kwake, nitajua hukwenda.

Shangazi Borghild

*

Wasomaji wangu, barua hii ilikaa mezani kwangu hadi baada ya Pasaka. Kisha nikapata hii, nayo majina nimeyaweka yaleyale ya kubuni:

"Bi Borghild, ichapishe. Sigrun alikuja. Aliyasema yote mlangoni, hajavua hata viatu, huku analia, ikabidi mimi niliyeambiwa ndimi nimtafutie kitambaa. Nilimwambia arudi kwake, nikafunga mlango, na nilimchukia, sifichi. Alirudi kesho yake nikamfungia tena. Siku ya tatu nikamfuata mimi, nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu tangu nimalize chuo, kwamba nikifungua mdomo kusema Kiingereza mbele ya watu wazima, shingo inanipanda joto na maneno yananikimbia. Basi tukaanza kutembea.

"Alhamisi nilifundisha. Niliongea Kiingereza kibovu kipindi kizima, wilaya yote ikinitazama. Baadaye, kwenye majadiliano, bwana mmoja wa mji wa jirani akaanza na ombi lake kuhusu mpangilio wa meza. Nikamkatiza: 'Baba, meza ziache. Niambie wapi nimewapoteza watoto.' Halafu akaniambia, na mwingine akaniambia, na hawakunionea huruma, na iliniuma mpaka siku ya Jumapili. Danait alizungumza siku ile. Bado anazungumza, siku hizi inabidi nimwombe awaachie na wenzake nafasi.

"Sigrun bado sijamsamehe sawasawa, na yeye anajua. Wiki hii tumeambiwa kila mtu ataje nani amtembelee mwaka ujao. Nimemtaja yeye."