Dakika Mbili za Mheshimiwa

Harlan Creek, Kansas

Mdogo wangu Wendell,

Mama hajambo, nyonga imepoa. Theluji imeyeyuka na ngano imeanza kuwa kijani.

Sasa nisikilize. Jumanne niliendesha gari saa nne nzima kuja kuiomba kamati yako ya Bunge isifunge shule yetu. Ndiyo kwanza nimefika kwenye habari ya watoto wa kina Schroeder, ambao shule ikifungwa watapanda basi saa kumi na moja alfajiri, ukagonga nyundo mezani. "Asante, bibi. Dakika mbili zimekwisha. Anayefuata!"

Bibi? Mimi, dada yako? Mimi niliyekufundisha kusoma kwenye ngazi za shule hiyohiyo, herufi moja wiki nzima, na sikukukatiza hata mara moja! Halafu yule tajiri wa shule za binafsi akabwabwaja robo saa, nawe unaitikia kwa kichwa tu. Huna haya, Wendell.

Mama aliyatazama yote kwenye kompyuta. Jumapili njoo ule kama kawaida, pai ya tufaha ipo. Ila ujue saa ya jikoni ameshaiweka mezani, mbele ya kiti chako, na mwiko kando yake.

Ni mimi,
Verna, msemaji namba kumi na saba