Fumbo na Nyasi za Uani

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Sharlyne ameuliza maana ya fumbo. Swali la shule. Mjukuu wangu huyu hupenda jibu fupi, lakini nilimweleza polepole. Linatokana na kufumba. Unafumba macho, unafumba mkono — kitu kimo ndani, mwenzako anaona ngumi tu. Akikitaka, afumbue. Watu hulitumia kusengenya, kutongoza, kuonya. Hapa Malaba tunalitumia pia kwa msiba. Hilo sikumwambia.

Baba yake, Callistus wangu, hajapiga simu. Alivuka mpaka na trela Ijumaa kwenda Kampala. Simu imezimwa.

Jumanne, 8 Oktoba
Jirani yangu Emukule alikuja asubuhi. Mtu wa kelele, leo kimya. "Mwalimu, hizi nyasi za uani unaziacha tu hivi?" Nikasema ni mvua. Akasema vijana watakuja kufyeka, bure. Hakunitazama.

Amekataa chai. Emukule, chai!

Jumatano, 9 Oktoba
Wamefyeka. Hakuna aliyebishana habari za mpira. Nilishika slasha nisaidie, Quinton wa bodaboda akaninyang'anya. "Pumzika mzee. Sisi tuko."

Uani kumekuwa kweupe.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kazi hii naijua. Tangu nistaafu, ni mimi hutumwa kupeleka habari. Mume wa Apio alipofariki ng'ambo, nilitumwa mimi. Huanzi na jina, wala hospitali. Unaanza na nyasi, kwa sababu watu watahitaji mahali pa kukaa. Kesho yake unaulizia viti. Moyo unaandaliwa kidogo kidogo. Ukiropoka, umeua mtu wa pili.

Na kuna sharti: hakuna anayetamka mpaka mwenyewe aulize. Apio aliuliza akiwa anachambua mboga. Nilimjibu, akamaliza kuchambua.

Mimi sijauliza. Nisipouliza, Callistus yuko Kampala, simu haina chaji.

Nimekula vizuri. Ugali na omena. Sisikii kitu.

Ijumaa, 11 Oktoba
Emukule amerudi, na katekista Oluka. Wameketi nje. "Mwalimu, vile viti vya kanisa — viletwe leo ama kesho?"

Nikawaambia hali ya hewa ni nzuri.

"Ni nzuri," Oluka akasema. Kisha wakaningoja niulize. Kama nilivyozoea kungoja mimi. Wanaifanya vizuri, siwezi kuwasahihisha popote.

Nimeingia ndani, nikasema natafuta miwani. Miwani iko usoni. Naandika.

Mkokoteni umefika. Basi hawakungoja jibu. Viti vinashushwa, vya plastiki, vyeupe.

Sharlyne ametoka shule. Namsikia akiwasalimia. Hawamjibu vizuri. Sasa yuko mlangoni, begi mgongoni. "Babu, viti ni vya nini?"

Nimemuuliza kama gauni lake la kanisani limefuliwa.

Ameweka begi chini. Anaangalia viti kupitia dirisha, kisha ananiangalia mimi, na naona anafumbua.