Nduru ya Kisima cha Katheka

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Kyangundi, Wilaya ya Kitui
Jumatatu, tarehe 15 Agosti 1994, saa nne na dakika kumi asubuhi

Kuhusu: Nduru ya uwongo, mto wa Katheka
Jina: Muthoki Musyoka
Umri: Miaka arobaini na tisa
Kazi: Mkulima na msusi wa viondo; mwenyekiti wa kikundi cha wanawake cha Katheka
Makao: Kijiji cha Katheka, upande wa Kwa Vonza

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimesikia kwamba naibu wa chifu wetu, Bwana Mulei, ameandikisha malalamiko dhidi ya binti yangu Nzilani, kwamba alipiga nduru ya uwongo na kuvuruga baraza. Nzilani ana miaka ishirini na yuko mwaka wa pili katika chuo cha walimu. Mkuu wa chuo amesema mwanafunzi mwenye kesi polisi hatarudi muhula ujao. Kwa hiyo ninaomba afisa aandike polepole, asiache kitu.

Mnamo Jumapili tarehe 7 Agosti, baada ya ibada, nilisimama kanisani nikatangaza kwamba Jumamosi wanafunzi watakuja mtoni kupiga picha za video za wimbo. Nilieleza kwamba kutakuwa na kuimba na redio kaseti kubwa, watu wasishtuke. Wimbo ni wa Nzilani, ameutunga mwenyewe, na unahusu kisima chetu. Nilitangaza mara mbili, na nilikuwa nimevaa kitambaa kipya. Anayesema nilijivuna hajakosea. Lakini nilitangaza wimbo. Sikutangaza nduru, kwa sababu sikujua kwamba ndani ya wimbo kuna nduru. Kosa la kwanza ni hilo, na ni langu.

Lazima nieleze habari ya kisima. Mwaka wa 1984 ulikuwa wa njaa, mto ukakauka, tukachimba mchanga mpaka kimo cha watu wawili ndipo tukapata maji. Siku moja ya Septemba, saa tano hivi, nilikuwa chini nikichota na Nzilani alikuwa juu akivuta ndoo kwa kamba. Ukingo ukabomoka, mchanga ukanifunika. Nzilani, wakati huo mtoto wa miaka kumi, alipiga nduru. Watu walikuja na majembe na sufuria, wengine mikono mitupu, wakanifukua. Wa kwanza kunishika mkono alikuwa shemeji yangu Ndeti, ndugu wa marehemu mume wangu.

Nduru yenyewe sikuisikia. Nilikuwa chini ya mchanga. Kwa miaka kumi watu wameniambia, "Mama Nzilani, ile nduru ya mtoto wako!" nami huitikia tu, kama mtu anayesifiwa chakula ambacho hakukionja.

Mnamo Jumamosi tarehe 13 Agosti, saa tatu asubuhi, wanafunzi sita walifika mtoni. Kamera ilibebwa na Hersi, kijana wa Garissa anayesoma na Nzilani. Ni ya mjomba wake anayepiga video za harusi. Ni kijana wa adabu, aliniamkia kabla ya kufungua begi lake. Walichimba kisima mahali pale pale, kimo cha kifua tu, wakazilaza kingo ili zisibomoke. Kisha wakaniomba niingie nichote maji. Tangu 1984 sikuwa nimeingia kisimani. Niliingia. Hilo pia liandikwe.

Walianza saa nne. Wimbo ulipofika katikati, Nzilani alitoa sauti ndefu, tamu, ya kupanda na kushuka. Hersi akashusha kamera. Alisema, "Nzilani, hiyo ni kwaya. Si hapa ndio mama anafunikwa?" Wakarudia, ikawa kwaya vilevile. Ndipo nikauliza kutoka kisimani, "Kwani hapo mnataka nini?"

Nzilani akaniita mama kwa Kikamba, akasema, "Mwaitu, hapo ni ile nduru. Lakini imekataa kutoka."

Nilimwambia, "Ulipiga ukiwa mtoto, leo umesoma ndio inakwama? Achana na mambo ya chuo. Piga ile yenyewe."

Kosa la pili ni hilo, nalo ni langu. Nzilani alinitazama. Mimi nikainama kwenye maji hata kichwa kisionekane.

Saa nne na dakika ishirini na tano Nzilani alipiga nduru. Alisema, "Uui! Uui! Mwaitu!" Maneno ni hayo tu, lakini karatasi hii haina mahali pa kuiweka ile sauti. Kata ya kuchotea maji iliniponyoka. Kwa mara ya kwanza nilisikia jinsi mtoto wangu alivyoniita siku ile. Nililia nikiwa nimeinama. Hersi anasema kamera ilichukua mgongo tu.

Wakati huo Bwana Mulei alikuwa akifanya baraza katika uwanja wa shule ya msingi, kama nusu kilomita kutoka mtoni. Kwetu, nduru ya mwizi hujibiwa kwa panga na mishale. Watu hawa walikuja na majembe, makarai, kamba na ngazi ya shule. Afisa aandike hilo vizuri: hakuna hata mmoja aliyebeba panga. Walijua ni kisima. Sauti ile waliitambua baada ya miaka kumi. Nilihesabu watu arobaini na mmoja, na wengine walikuwa bado wanashuka. Barazani, nimeambiwa, walibaki Bwana Mulei, karani wake, na Mzee Kivuva ambaye hasikii.

Wa kwanza kufika alikuwa Ndeti. Ana miaka sitini na mitatu. Mimi na yeye hatujasalimiana tangu 1989 kwa ajili ya mpaka wa shamba. Alikuja na sepetu, mguuni kiatu kimoja. Alimsukuma Hersi, Hersi akaanguka kitako mchangani, lakini kamera hakuizima. Ndeti akaruka ndani ya kisima, akanishika mkono ule ule. Alisema, "Muthoki, uko mzima?"

Nikasema, "Niko mzima, shemeji. Tunapiga picha."

Akasema, "Picha?"

Nikasema, "Ndiyo. Na leo umenisalimia."

Aliketi kwenye maji na suruali yake, akacheka mpaka akakohoa. Watu wengine walicheka, wengine walilia. Kisilu aliyebeba ngazi alikasirika kidogo, kisha akauliza kama ataonekana kwenye video. Hersi hakuumia na hana malalamiko. Nimekuja naye, ameketi nje.

Bwana Mulei alifika saa tano kasoro dakika kumi, akaichukua kaseti ya kamera na kuileta hapa. Alisema watu wakizoezwa nduru za uwongo, siku ya kweli hawatakuja. Neno lake lina uzito, na nimemwomba radhi kwa ajili ya baraza lake. Ndiyo maana jana nilisimama tena kanisani, nikasema kosa ni langu, nikauliza, "Nikifunikwa kesho, mtakuja?" Ndeti, ambaye huja kanisani siku za mazishi tu, alijibu kutoka mlangoni, "Tutakuja. Lakini kwanza uniambie kama ni picha, nivae viatu."

Kama kuna wa kushtakiwa, ni mimi niliyemwambia apige. Nzilani arudishwe chuoni. Sitasema ninasikitika, maana nitakuwa nimedanganya mbele ya serikali. Ninajivunia binti yangu, na ninajivunia wale watu arobaini na mmoja. Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na nimeyasema mwenyewe bila kulazimishwa.

Maelezo ya afisa:
Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa Kiswahili, akayakubali, lakini amekataa kutia sahihi mpaka maneno "ya uwongo" yaondolewe hapo juu. Nilimjibu kwamba hayo ni maneno ya mlalamishi na siwezi kuyagusa. Saa nane mchana tuliitazama kaseti kwenye televisheni ya kantini, Bwana Mulei akiwepo. Ilipofika kwenye nduru, wanawake wanaouza mboga nje ya lango la kituo waliingia mbio, mmoja akiwa na jembe, wakiuliza ni nani. Bwana Mulei aliomba irudishwe nyuma aione tena. Baadaye ameondoa malalamiko yake. Kaseti amekabidhiwa Hersi.

Maneno "ya uwongo" hapo juu nimeyakata kwa mstari kwa mkono wangu.
Koplo J. Tanui

Sahihi ya shahidi: Muthoki Musyoka, saa tisa kasoro dakika kumi.