Video Niliyomrekodi Mwalimu Ndeshi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba hata kabla mdogo wangu hajaendelea kukusomea. Goti linaendeleaje? Na ng'ombe, amezaa salama? Mimi huku Arusha ni mzima, kazi ipo, na leo Mlima Meru umetoka wote, hauna wingu hata moja.

Nasikia umeambiwa mwanao anatukana watu mtandaoni. Nikueleze mwenyewe, maana simu yako ya kitochi haionyeshi video.

Pale kibandani kwangu Kwa Mrombo nilikuwa nikijirekodi ninavyoshona. Walitazama watu kumi, mmoja wao mimi mwenyewe. Siku moja mteja wangu Mwalimu Ndeshi, anayefundisha chekechea, akaja amefura: gauni nililomshonea kwa harusi ya mdogo wake halifungi zipu. Tukajibizana. Nikamwambia, "Mwalimu, gauni halijapungua, wewe ndiye umeongezeka!" Simu ilikuwa inarekodi. Video nikaiweka mtandaoni hivyo hivyo.

Mama, kabla ya jioni maelfu walikuwa wameitazama! Katikati ya ugomvi wetu wakachomeka tangazo la sabuni. Hapo nikaelewa: wenye mtandao wanalipwa kadiri watu wanavyokodoa macho, na hakuna anayekodolea mshono ulionyooka. Kwa hiyo video zangu za kushona walizifukia, ugomvi wangu wakausukuma hadi kwa watu wasionijua. Nami nilifurahi, sikufichi. Wiki nzima nikawachokoza wateja makusudi, nachungulia simu kila nikikata uzi. Watazamaji wakipungua, hata chakula hakipiti.

Jumapili kanisani nikaona nafasi ya Mwalimu Ndeshi kwenye kwaya iko wazi. Mwenzake akaninong'oneza, "Anaona aibu kutoka. Hata wazazi wa wanafunzi wake wanamwita Bi Zipu."

Nilijisikia vibaya mno. Nikatoka kanisani moja kwa moja hadi kwake Sekei. Akafungua mlango nusu.

"Umekuja na simu?"

"Nimeizima, Mwalimu. Ishike wewe."

Akaichukua, ndipo akanikaribisha ndani. Nilimwambia ukweli: video nimeifuta njiani, lakini wengine wameshaisambaza, na nakala hizo siwezi kuzirudisha. Akasema, "Neno lako lingepita tu. Ila ulinisema mbele ya watu ambao hata nikiugua hawatakuja kunipa pole."

Nikalia. Nikamwomba nirekodi ninavyomtaka radhi, wote waone.

"Hapana," akasema. "Niombe radhi kwenye kwaya, kwa watu wanaonijua."

Basi siku ya mazoezi nikasimama mbele yao, nikamwomba radhi. Nilipomaliza, Mwalimu Ndeshi akaja kunikumbatia, wote wakapiga vigelegele. Ila mwenyekiti wa kwaya akasema sitoki bila adhabu: nijiunge na sauti ya pili. Mama, unajua ninavyoimba! Sasa nakaa karibu na Mwalimu, nikipotea ananifinya.

Gauni nimelitanua, na harusini alicheza mpaka viatu akavivua. Mtandaoni nimerudia kushona tu, na watu wangu ni wale wale kumi. Mmoja ameagiza mapazia.

Msalimie baba mdogo anayekukatia majani ya ng'ombe, na shangazi wa sokoni. Msomaji wa barua hii naye namsalimu, na asiruke maneno.

Krismasi nakuja na Mwalimu Ndeshi. Anasema hajawahi kula kiburu cha ndizi na maharage kilichopikwa na mama wa mtu aliyemgombeza. Pika sufuria kubwa.

Mungu akulinde, Mama.

Mwanao,
Anande