Jiwe la Njoo Kwangu

Yangzhou, siku ya tatu ya mwezi wa tisa, mwaka wa arobaini na nane wa enzi ya Mfalme Qianlong. Mwaka wa ishirini na tisa tangu niyape kisogo magenge ya mto wa kwetu.

Mdogo wangu Zhongyi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wote wa nyumbani. Natumai kikohozi kimekuacha na miguu bado inazikubali ngazi za gatini. Mimi ni mzima, ila macho yamepungua nuru. Bado nanakili vitabu vya hekalu, na mkono haujaanza kutetemeka.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa muuza chumvi. Unasema mwanao An anaujua mto kuliko rika lake lote, lakini hakuna mwenye mashua anayempa usukani, kwa kuwa ni damu ya mtu aliyelikwepa jiwe. Unaniomba mimi, kaka yako msomi, niwaandikie wazee wa chama cha mashua waraka wa kuliombea radhi kosa lako. Nimeuanza mara nne, na mara nne nimeuchana.

Unakumbuka Baba alivyozoea kusema kwamba mimi nausoma mto, wewe unausikia kwa nyayo. Wavuta kamba wa mashua yetu waliidaka kauli ile; kila nilipotoa shauri walinijibu, "Mto hauna kurasa, msomi." Nilicheka nao, moyoni nikiungua. Mimi ndiye kifungua mimba, nami nilikutangulia mashuani kwa miaka minne. Siku tulipopakia shaba ya serikali, Baba alichinja jogoo, akapaka damu omo, kwenye pua ya mashua, na kichwa cha jogoo, ambacho ni haki ya mshika usukani, akakitia kwenye bakuli lako mbele ya watu wote. Ulinitazama kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ungeringa, labda ningekusamehe.

Tulifika kwenye mkondo wa Kongling maji yakiwa makali. Tulifundishwa tungali wadogo kwamba jiwe lile jeusi linaitwa Njoo Kwangu, na kwamba halisemi uongo: ukilielekezea omo moja kwa moja, maji yanayorudi kutoka kwenye jiwe yatakusukuma pembeni salama, ukiliogopa na kugeuka mapema, mkondo utakuchukua ubavu ukuvunje. Wewe ulilielekea. Mimi na mzee Peng tulikuwa omo, kwenye lile kasia kubwa ambalo halifai kuguswa mpaka mshika usukani apige kelele. Niliona umeinyoosha mashua kama uzi wa seremala, nikajua kwamba mimi nisingeweza.

Ndipo nikalivuta kasia.

Sikutaka mtu afe. Nilitaka mashua iyumbe kidogo, Baba akuone umekosea japo mara moja. Mzee Peng alinishika mkono, akasema, "Acha, msomi. Mwache mdogo wako." Sikuacha.

Shaba ilizama na mzee Peng akazama nayo, na shahidi mwingine hakuwepo. Wewe ulikuwa tezi, nyuma kwenye usukani, pamoja na Baba na wengine; paa la mikeka limewaziba, hamkuiona omo. Baba alipotuuliza pale mchangani ni nani aliyegeuza, nilisema ni wewe. Ukaitazama miguu yako, ukasema huenda iliteleza. Umeliamini hilo miaka yote hii, nami nimekuacha uliamini.

Haikuteleza, Zhongyi.

Na nisikufiche hili pia: niliposoma kwamba An amerithi nyayo zako, wivu uliniinuka tena kifuani, mimi mzee wa miaka hamsini na tisa, nikaiweka barua chini mpaka chai ikapoa.

Basi waraka wa kuomba radhi hautakuja, maana huna kosa. Wapelekee wazee barua hii yenyewe. Nimeitia muhuri wangu na alama ya kidole. Isomwe kwa sauti mbele ya An na wana wa Peng. Wakitaka kunilaani, usiwazuie.

Msalimie shemeji, na An umwambie ba'mkubwa wake anamtakia maji mema. Ukimfukizia Baba ubani, usilitaje jina langu. Wala usimtume mtu kuja kunichukua, hata ukinisamehe. Sitarudi.

Kaka yako,
Kuang Boheng